Mimi Napenda Upepo

Walimwita Mama Kaseti kwa sababu ukimwambia neno leo, miaka ikapita, ukaja kuliruka kimanga, yeye atakurudishia lile neno kama ulivyolisema, kwa sauti yako, na kikohozi chako kikiwemo. Katika chumba cha kupigia pasi cha ile hoteli kubwa, wenzake walijifunza kutomdanganya. Meneja hakujifunza. Meneja alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi, na mtu akikaa sana kwenye baridi ya bure husahau mengi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko, ukuta mmoja umeegemea boila la maji ya moto na ukuta wa pili una dirisha pana linalotazama bwawa la kuogelea. Zamani dirisha hilo lilikuwa wazi. Mvuke ulitoka, upepo ukaingia, na wanawake walipiga pasi huku wakitaniana na kucheka. Kisha mgeni mmoja aliyekuwa amejinyoosha kando ya bwawa akalalamika kwamba kila akiinua macho kutoka kwenye kitabu chake anaona wanawake wanaotiririka jasho, naye hakusafiri mbali kote huko kuja kutazama jasho la watu. Siku iliyofuata dirisha likafungwa kwa skrubu na vioo vikapakwa rangi nyeupe. Wenye chumba hawakuulizwa. Watu wa kazi zile hawaulizwi. Huambiwa tu, tena na mtu ambaye tayari amewageuzia mgongo.

Msimu wa joto uliofuata, wifi yake Mama Kaseti, mke wa mdogo wake wa kiume, alianguka kama gunia akiwa ameshika pasi, na pasi ikamfuata mkononi. Alipopona alibaki na alama juu ya kiwiko, ncha ya pasi imejichora pale kama muhuri. Akarudi kazini, maana angeenda wapi?

Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, aliyezungumza Kifaransa tu. Kila alipokuja kukagua mali yake, meneja alisimama katikati kama kizuizi cha barabarani, maneno yote yapite kwake. Safari ile baada ya wifi kuungua, Mama Kaseti aliweka pasi chini akamkabili.

"Meneja, mwambie tunaungua humu. Mwambie tunataka dirisha letu. Wifi, onesha mkono."

Wifi akaonesha mkono. Meneja akageuka, akaongea Kifaransa kirefu, kitamu, chenye tabasamu. Mwenye hoteli akapiga makofi. Akaushika mkono wa wifi, akautikisa kwa furaha, akaondoka. Haukupita muda likaja sanduku la kofia, kofia pana za kukinga jua, moja kwa kila mpiga pasi.

Kofia za jua! Ndani ya chumba ambacho jua halijaonekana tangu vioo vipakwe rangi!

"Ulimwambia nini yule mama?" Mama Kaseti aliuliza.

"Niliyaeleza yote mliyosema," meneja akajibu. "Neno kwa neno."

Mama Kaseti hakubisha. Alilirekodi.

*

Baadaye likatoka agizo. Wageni wengi sasa ni Wafaransa, kwa hiyo kila mfanyakazi, hata wa pasi, hata wa takataka, ajue kumsalimia mgeni na kuzungumza naye juu ya hali ya hewa. Mwenye hoteli akija tena atawasikiliza mwenyewe, mmoja mmoja. Atakayekwama, ajue mlango ulipo.

Akaletwa mwalimu, kijana wa miwani na tai, mpole, mwenye tabia ya kutazama mlangoni kabla ya kusema jambo lolote. Madarasa yalifanyika kwenye ukumbi wa chakula cha wafanyakazi, baada ya kazi, watu wamechoka kama vitambaa vya kudekia.

"*Quel temps préférez-vous?*" mwalimu aliuliza, akaeleza kwamba maana yake ni "Wewe unapendelea hali gani ya hewa?" Kisha akawafundisha jibu: "*Je préfère le soleil*. Napendelea jua. Haya, wote!"

Wote wakaitikia. Mtu wa bustani alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Sauti ipitie puani kidogo," mwalimu akasema.

"Mwalimu," wifi akanong'ona kwa sauti ambayo wote waliisikia, "mimi nina mafua tangu juzi. Si nimeshafaulu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akatazama mlangoni, akaacha kucheka.

Ikafika zamu ya Mama Kaseti. "*Quel temps préférez-vous, madame?*"

"Kwanza nifundishe upepo."

"Upepo ni *le vent*. Lakini jibu letu ni jua, mama."

"*Je préfère le vent*," Mama Kaseti akasema, na sauti ilikuwa ya mwalimu mtupu, mpaka wenzake wakageuka kuangalia ni nani aliyesema.

"Matamshi mazuri sana," mwalimu akasema. "Ila sisi tunasema jua."

"Sisi akina nani?"

"Sisi wa hoteli." Akafuta miwani. "Elewa, mama yangu. Mgeni amelipia jua. Ukimwambia wewe hulipendi, ni sawa na muuza samaki kumwambia mteja samaki wake wananuka. Ni biashara."

"Umeniuliza mimi napenda nini, au umeuliza biashara inapenda nini?"

"Nimekuuliza wewe."

"Basi mimi napenda upepo. Sijawahi kuulizwa kitu katika hoteli hii, mwalimu. Kulala na kuamka hapa, sijaulizwa. Leo nimeulizwa mara ya kwanza, tena kwa lugha ya wakubwa, halafu unataka nitoe jibu la kuazima?"

Mtu wa bustani akaguna. Mwalimu akamwita mtu mwingine.

Lakini somo lilipoisha Mama Kaseti alimngoja karibu na mlango. Alitaka maneno. Joto. Joto sana. Hakuna upepo. Na namna ya kumrudishia mtu swali, "na wewe je?" Mwalimu akampa yote, naye akayarudia pale pale, moja baada ya jingine, hata pumzi ya mwalimu aliitoa mahali ilipokuwa.

"Mama, maneno haya ni ya nini?"

"Ya hali ya hewa. Si ndiyo somo lako?"

Kijana akatazama mlangoni. "Meneja atakuwepo siku hiyo," akasema polepole. "Atakaa karibu kabisa na mwenye hoteli."

"Akae. Safari hii anaweza hata kumpakata."

*

Wiki zile nyumbani hapakukalika. Wifi alikuwa akipita kila jioni, akikaa kwenye kigoda cha jikoni, akimenya alichokuta kinamenywa, na wimbo wake ulikuwa mmoja.

"Wifi, nakuomba. Sema jua, yaishe."

"Lisemwe na wewe. Midomo si unayo?"

"Mimi nitasema jua, nitasema theluji, nitasema chochote wanachotaka. Nina watoto. Mdogo wako mwenyewe unamjua, leo ana kibarua, kesho amekaa mlangoni anahesabu wapita njia. Ukifukuzwa wewe watasema na wifi yake ni wale wale."

"Na ni kweli, sisi ni wale wale."

"Usinitie kiwewe!" Wifi akatupa kisu kwenye beseni. "Dirisha, dirisha! Kwani ukikosa hilo dirisha utakufa?"

Mama Kaseti akaunyoosha mkono, akagusa ile alama juu ya kiwiko cha wifi yake, taratibu, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto. Wifi akauvuta mkono wake. Akaokota kisu, akaendelea kumenya, na jioni ile hakuimba tena ule wimbo.

*

Siku ya usaili walipangwa kwenye ubaridi wa chumba cha mikutano, sare zimepigwa pasi na wao wenyewe. Mwenye hoteli alikaa katikati ya meza. Kushoto kwake meneja, suti mpya, amekunjua uso kwa ajili ya tajiri wake. Kulia mwalimu, ameshika kalamu kwa mikono miwili.

Mtu wa bustani akaulizwa, akasema jua. Wapishi wakasema jua. Mlinzi wa geti, ambaye hukaa kutwa nzima juani mpaka ngozi ya pua inamtoka, akasimama wima akasema analipenda jua. Mwenye hoteli akatikisa kichwa kwa kuridhika, nchi yenye bahati gani hii, ambayo watu wake wote wanapenda kitu kimoja! Wifi alipoitwa alianza kwa sauti ya chini, akamalizia: "*...le soleil*." Akarudi kukaa bila kumtazama wifi yake.

"*Quel temps préférez-vous, madame?*"

Mama Kaseti alikuwa amesimama. Alikuwa akiogopa, hilo tusilifiche. Mtu asiyeogopa kupoteza kibarua ni yule asiyekitegemea. Akapiga moyo konde.

"*Je préfère le vent*," akasema.

Mwenye hoteli akainua uso kutoka kwenye karatasi. Meneja akainama kwake haraka, akamnong'oneza jambo huku akicheka na kuonesha jua nje kwa kidole.

"*Non*," akasema Mama Kaseti. "*Le vent*. *Il fait chaud*." Akajigusa kifuani, akaonesha sakafuni, kule chini nyuma ya jiko. "*Il fait très chaud. Il n'y a pas de vent.*" Kuna joto. Kuna joto sana. Hakuna upepo. Alikuwa na maneno haya tu duniani kwa lugha ile, akayapanga mbele ya yule mama kama mtu anayepanga mawe ya kuvukia mto. "*Et vous, madame? Vous préférez le chaud?*" Na wewe je, mama? Wewe unapendelea joto?

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma juu ya kichwa cha yule mama.

Mwenye hoteli akasema hapana, halipendi joto. Alisema taratibu, kama mtu aliyeulizwa swali na kabati.

"Amekariri tu, anachanganya," meneja akamwambia mwalimu kwa lugha yao, meno yamekazwa. "Mwite anayefuata."

Mama Kaseti akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, 'njoo' inasemwaje? Umwambie mtu mzima, kwa heshima."

Mwalimu akatazama mlangoni. Akamtazama meneja. Mkataba wake ulikuwa na sahihi ya meneja chini, wote walilijua hilo.

"Usithubutu," meneja akasema, huku akiendelea kutabasamu.

"*Venez*," mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

"*Venez, madame*," akasema Mama Kaseti, akamfungulia mlango.

*

Sijui kama mwenye hoteli alikwenda kwa huruma au kwa udadisi. Alikwenda, meneja na mwalimu nyuma yake. Akapita jikoni, akakunja kona ya boila, akaingia kwenye chumba cha pasi, na miwani yake ikafunikwa na mvuke pale pale mlangoni. Akaivua, akaifuta, akaivaa, ikafunikwa tena. Mashine za pasi zilikuwa zikihema. Wapiga pasi waliobaki zamu waliinua macho, wakaona nani kaingia, wakaacha mikono hewani.

Mwenye hoteli akasogea dirishani. Akagusa kioo kilichopakwa rangi, akagusa skrubu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. Mama Kaseti akamshika wifi yake, ambaye alikuwa amewafuata akijibanza nyuma ya watu, akamsogeza mbele. Hapakuhitajika Kifaransa. Yule mama akaitazama alama, akaitazama pasi iliyokuwa karibu, akaelewa. Mtu akielewa, uso humsaliti. Mama Kaseti aliuona uso ule, na mpaka leo anaweza kukuigizia.

Kisha mwenye hoteli akasema maneno machache, kwa upole, akimwambia meneja.

"Madamu anasema," meneja akatangaza, "amefurahi kuwatembelea, anawapenda sana, na suala lenu analishughulikia kuanzia leo."

Wanawake wawili wakaanza kupiga makofi.

"Acheni," Mama Kaseti akasema. "Mwalimu. Kasema nini?"

Mwalimu alikuwa amelegeza tai. Safari hii hakutazama mlangoni. "Kasema ni kweli, humu kuna joto kali. Lakini wageni wamelipia mandhari, na dirisha hili liko usoni kwao. Kasema baada ya msimu wataangalia."

"Msimu unaisha lini?"

Mwalimu akauliza. Akajibiwa. "Kasema, kwa bahati nzuri, hapa msimu hauishi."

Makofi yakafa. Wifi akatoa sauti, nusu kicheko, nusu kitu kingine.

Wengi pale walitegemea Mama Kaseti apige kelele. Hakupiga. Alisimama akimtazama yule mama mrefu, na ukimtazama vizuri ungesema ametuliwa mzigo.

"Mwalimu, nifikishie hili. Miaka yote tulisema hatuelewani. Tulisema, masikini, yule mama hajui, angejua angetuonea huruma, ubaya wote ni wa huyu mkalimani mwenye suti. Sasa amejua. Amesikia kwa masikio yake, ameona kwa macho yake, jasho limemtoka, na bado anasema tubaki humu. Mwambie nashukuru. Sasa tumeelewana."

Mwalimu akatafsiri yote. Mwenye hoteli akawa mwekundu shingoni.

Mama Kaseti akaenda kwenye meza yake, akavuta droo, akatoa bisibisi, ile wanayofungulia pasi zinapoziba. Akapanda juu ya kikapu cha mashuka kilichopinduliwa. Skrubu ya kwanza ilikuwa imeshika kutu, akaikoromea kama mtoto mtukutu, ikatii.

"Shuka hapo!" meneja akafoka. "Umefukuzwa! Nasema umefukuzwa, umesikia?"

"Nimesikia. Niambie kwa Kifaransa, na madamu naye asikie."

"Mlinzi! Nani ana simu ya mlinzi?"

"Mlinzi yuko juani," sauti ikatoka nyuma, "analipenda sana."

Wakacheka. Na kicheko kile ndicho kilichompa mwanamke wa kwanza ujasiri wa kuja kushika kikapu kisiyumbe. Akaja wa pili. Wengine hawakuja, walibaki kwenye meza zao, macho chini, wakinyoosha foronya ambazo tayari zilikuwa zimenyooka. Hakuna aliyewalaumu.

"Na nani atapiga pasi mashuka haya?" Mama Kaseti aliuliza kutoka juu, akigeuza bisibisi. "Hoteli imejaa. Wageni wanafika jioni. Tufukuze, meneja, halafu uwalaze juu ya magodoro matupu, uwaambie mandhari ni nzuri."

Mwenye hoteli aliuliza jambo. Mwalimu alikuwa tayari kutafsiri, lakini hakuna aliyemwomba. Akangoja kidogo, mama yule, kisha akatoka na miwani yake mkononi, na visigino vyake vikasikika mpaka jikoni.

Skrubu ya mwisho ikaanguka. Wakalisukuma dirisha kwa mabega. Liligoma, likalia, likafunguka, na rangi nyeupe ikadondoka vipande vipande. Mvuke uliokusanyika miaka yote ukatoka kwa pamoja kuelekea bwawani kama kundi lililofunguliwa zizi, na upepo ukaingia. Foronya zikapepea kwenye kamba. Mwanamke mmoja akavua kitambaa cha kichwa, akafumba macho, akasimama tu.

Nje, wageni waliinua nyuso. Mmoja akahamisha kiti chake akawapa mgongo. Mwingine akapunga mkono. Hakuna aliyempungia; walikuwa kazini.

Meneja alirudi na fundi seremala, mzee mnene mwenye nyundo kiunoni na misumari mdomoni. Fundi akafika dirishani, akasimama. Wifi alikuwa amepanda na kukaa juu ya ukingo wa dirisha, mgongo kwenye kiunzi, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na mkono wenye alama umening'inia upande wa bwawa.

Mama Kaseti mwenyewe alishtuka. "Wewe! Si ulisema una watoto?"

"Ninao," wifi akasema. "Ndiyo maana nimekaa. Nikisimama naogopa."

"Shemeji," fundi akatoa misumari mdomoni, "nimetumwa kufunga hapo. Hebu shuka."

"Funga."

"Nitafungaje na wewe umekaa?"

"Hilo ni la ufundi, fundi. Mimi ni mpiga pasi."

Fundi akajikuna kichwa, akamgeukia meneja. "Bosi, mimi napigilia mbao. Mtu sijawahi."

"Mvute!"

"Mke wa mtu? Nimvute?" Fundi akarudisha nyundo kiunoni. "Mvute wewe, bosi. Mimi nitashika ngazi."

Meneja hakumvuta. Alitazama mashuka yaliyorundikana mpaka usawa wa kifua, akatazama saa ukutani, akatazama wanawake, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na lugha nyingine ya kujifichia. Akasema watazungumza kesho. Akasema haya hayataishia hapo. Kisha akaondoka, na fundi akamfuata kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ya kufika.

"Kesho atarudi na polisi," mmoja wa wale waliobaki mezani akasema.

"Atarudi," Mama Kaseti akakubali. "Na leo tunapiga pasi. Wifi, kaa hapo mpaka rundo hili liishe, halafu fulani atapanda, halafu mwingine. Dirisha lisibaki bila mtu. Tukienda nyumbani, zamu ya usiku wakae wao. Nitawaambia mwenyewe."

"Na mwalimu?" wifi akauliza, akimwonesha kwa kidevu. Mwalimu alikuwa bado amesimama karibu na boila, shati limemganda mgongoni, hana tena mkataba wa kuogopea.

"Mwalimu avue hiyo tai, ashike ncha ya shuka. Shuka pana halikunjwi na mtu mmoja."

Mwalimu akavua tai. Akashika ncha, Mama Kaseti akashika nyingine, wakarudi nyuma hatua, wakalivuta likakaza, na upepo ukalijaza katikati. Mwalimu akawa analikunja vibaya. Wakaanza upya.